Ng'ombe wa Sentimita Tisa

Duka la vijumba na vyombo vyake, sehemu ya pili: kipimo, udongo na bei

Mtoto anayechunga mifugo Kimali, wilayani Meatu mkoani Simiyu, hasubiri kufundishwa kufinyanga ng'ombe. Mvua za kwanza zikishanyesha, huchota udongo mweusi kando ya lambo, huuviringisha kiganjani, huvuta nundu, hubandika pembe, na kabla jua halijawa la utosi huwa na zizi zima juu ya jiwe: dume, majike, ndama, hata mbwa. Jioni huwaacha palepale akaswaga ng'ombe wa kweli kwenda nyumbani. Mvua ya kesho yake huwarudisha wale wa udongo kuwa tope.

Wiki iliyopita makala haya yalieleza ni watu gani hukusanya vijumba vya wanasesere na kwa nini wengi wao ni watu wazima wenye fedha na subira. Leo tunaingia dukani. Swali ni hili: ng'ombe wa lambo na ng'ombe wa rafuni, yule ambaye mkusanyaji wa London au Chicago yuko tayari kumlipia na kumsubiri mwezi mzima, wanatofautiana wapi? Si ustadi wa vidole, maana vidole vya Usukuma vinao. Tofauti ni kipimo.

Lugha yetu yenyewe inatutega katika jambo hili. Kiswahili hupunguza kitu kwa kukitia katika ngeli ya ki-vi: nyumba ikawa kijumba, chungu kikawa kijungu, mtu akawa kijitu. Ukisikiliza vizuri utagundua kwamba kupunguza na kudharau hukaa jirani sana. Mnunuzi anayekiita kitu "kakitu haka" ameshajiandaa kulipa kidogo. Mwenye duka hana budi kuiondoa dharau hiyo kwanza kichwani mwake mwenyewe, na historia inampa sababu.

Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa Amsterdam, alianza kukipamba kijumba chake mwaka 1686. Kilikuwa kabati lenye vyumba, na ndani yake vyombo vya kaure vilivyoagizwa kutoka Mashariki ya mbali, vikapu, vitabu, meza na mashuka, kila kimoja kimetengenezwa na fundi wa kazi hiyo halisi. Inakadiriwa kwamba kiligharimu gilda kati ya 20,000 na 30,000, fedha iliyotosha kununua nyumba ya kuishi kando ya mfereji mjini humo. Leo kimo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum. Kijumba cha Malkia Mary wa Uingereza, kilichosanifiwa na Edwin Lutyens na kukamilika mwaka 1924, kina maji yanayotiririka kwenye mabomba, taa zinazowaka, na maktaba ya vitabu vidogo ambavyo baadhi yake viliandikwa na waandishi wakubwa wa wakati huo, akiwemo Arthur Conan Doyle. Kule Marekani, miaka ya 1940, Frances Glessner Lee alitengeneza vyumba vidogo vinavyoonyesha mahali penye vifo vya utata ili kuwafunza askari wapelelezi kutazama kwa makini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotengenezwa ili mtoto akichezee.

Kijumba cha Malkia Mary na vyumba vya Lee vilifuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili. Asili yake ni futi na inchi: kila futi moja ya kitu halisi inakuwa inchi moja. Wakusanyaji wengi duniani wangali na kipimo hicho, na anayekosa nafasi nyumbani huenda kwenye nusu yake, moja kwa ishirini na nne. Ukishachagua, huchanganyi. Kigoda kilichochongwa kwa kubahatisha, hata kiwe kizuri namna gani, kikiwekwa kando ya kinu cha kipimo hukifanya kimoja wapo kionekane cha majitu.

Hesabu yenyewe haimshindi aliyemaliza darasa la nne. Msonge wenye upana wa mita 4 unakuwa na sentimita 33. Kinu cha sentimita 48 kinakuwa na 4, na mchi wake wa sentimita 120 unakuwa na 10. Gurudumu la baiskeli lenye kipenyo cha sentimita 72 linakuwa na 6. Kihenge cha sentimita 180 kinakuwa na 15. Ng'ombe wetu wa asili mwenye kimo cha sentimita 108 begani anakuwa na sentimita tisa kamili, na mama anayemkamua, akiwa na sentimita 168, anakuwa na 14. Jedwali la namna hii libandikwe ukutani mwa duka, na kila fundi apewe nakala yake pamoja na rula.

Ugumu uko mahali pengine. Urefu ukigawanywa kwa 12, malighafi haipungui nayo. Unyasi wenye unene wa milimita 3, juu ya paa la kipimo hiki, ni sawa na boriti ya sentimita 3.6, kwa hiyo msonge ulioezekwa kwa unyasi huo unaonekana umeezekwa kwa nguzo. Ndiyo maana nyuzi za katani zilizochanwa hufaa zaidi. Kitambaa nacho ni hivyohivyo. Khanga ya sentimita 150 kwa 110 inageuka kuwa ya 12.5 kwa 9, hivyo kukata pande la khanga ya kawaida hakusaidii, kwa kuwa ua moja tu litajaza mji wote, yaani sehemu ya kati. Lazima ichapishwe upya kwenye pamba nyembamba, pindo zote nne zikiwepo, na jina lake kwa herufi za milimita tatu. Mkusanyaji atachukua lenzi na kulisoma. Akikuta herufi za kubuni tu, hatanunua tena.

Vipimo vya kweli vitoke wapi? Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa ya Mwanza, si Kisesa yetu ya Meatu. Yalianzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Pale kuna nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga na ngoma za watemi, na mtu mwenye futi kamba na daftari, akiomba ruhusa vizuri, anaweza kurudi na vipimo vya kumtosha mwaka mzima. Jambo moja la Bujora linastahili kutazamwa kwa muda mrefu: banda la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Mjenzi alichukua kiti akakikuza kikawa jengo. Mwenye duka letu anatembea njia ileile akielekea upande wa pili.

Turudi kwenye udongo, maana hapo ndipo wengi hupoteza mtaji. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukinywa maji na hupasuka ukikauka. Kila mkulima wa pamba wa Simiyu amewahi kuona nyufa zake. Ukitumiwa peke yake, ng'ombe wa sentimita tisa atapoteza miguu kabla ya wiki kwisha. Dawa ni ile ya wafinyanzi wa vyungu: kuchanganya mchanga laini au vigae vya chungu kilichovunjika, vikisagwa na kuchekechwa. Mguu usibandikwe tu. Pande zote mbili zikwaruzwe kwanza, zipakwe uji wa udongo, kisha zibanwe. Kazi ikaushwe kivulini, imefunikwa, kwa sababu pembe na mkia hukauka mapema kuliko tumbo, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua. Maji yakibaki ndani, mvuke utamlipua ng'ombe motoni.

Moto wenyewe si lazima uwe wa tanuru. Vitu vidogo vipangwe ndani ya chungu kikubwa, vizungushiwe pumba za mpunga, chungu kifunikwe na kuchomwa kwa samadi na kuni. Udongo ukishapita takriban nyuzi 600 za Selsiasi hubadilika moja kwa moja. Maji hayaurudishi tena kuwa tope. Pembe ni bora ziachiwe matundu na kubandikwa baada ya kuchoma. Mwiba wa mgunga, mweupe na mgumu, unafaa mno.

Kuna vitu vya kukaa navyo mbali. Anayetengeneza sanamu za wachezaji wa Banungule, ngoma ya Kisukuma ya wawinda nungunungu, atatamani kutumia miiba ya kweli ya nungunungu, na Meatu, jirani wa Serengeti na hifadhi ya jamii ya Makao, haikosi miiba hiyo. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasimamia nyara za namna hiyo, na biashara bila kibali inaweza kumfikisha mtu mahakamani. Katani iliyotiwa rangi na manyoya ya kuku yatafanya kazi. Mpingo nao umo katika orodha ya biashara ya kimataifa inayodhibitiwa tangu mwaka 2017, ingawa tangu 2019 bidhaa zilizokamilika zenye mbao zisizozidi kilo 10 kwa shehena zimepewa nafuu. Kwa mchonga vinu vya sentimita nne, kilo 10 ni vinu vingi sana.

Bei, basi. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, fundi anaridhika na shilingi 15,000 kwa siku, na kinu na mchi wake humchukua nusu siku. Hizo ni 7,500. Katika kila vinu vitano kimoja hupasuka, kwa hiyo vinne vilivyobaki lazima vibebe gharama ya cha tano, na kila kimoja kinafika 9,375. Ongeza gogo na msasa, uko kwenye 10,000 kabla duka halijapata hata senti. Mteja wa gulioni atasema kwa bei hiyo anapata kinu cha kutwangia. Ana haki ya kusema hivyo, naye si mteja wa duka hili. Kosa linaloua biashara ya aina hii ni kushusha bei ili kumridhisha asiyekusanya, kisha kumbana fundi hadi aanze kuchonga bila rula.

Mkusanyaji hununua maelezo pamoja na kitu. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyeandika kuhusu sheria na mila za Wasukuma, alichapisha mwaka 1956 kitabu juu ya sanamu za udongo zilizotumika unyagoni na jandoni miongoni mwa makabila kama Wazigua, Wasambaa na Wapare. Thamani ya kazi yake imo katika kuandika kila sanamu ilikuwa na maana gani na iliambatana na wimbo gani. Bila maelezo hayo zingebaki madonge ya udongo. Kila kitu kinachotoka dukani kiwe na kadi: jina kwa Kisukuma na Kiswahili, kazi yake, kipimo, malighafi, mwaka, mahali kilipotengenezwa, na jina la fundi mwenyewe akikubali. Namba ya kadi iandikwe pia kwenye daftari la mauzo. Mnunuzi wa kinu ataulizia ungo wake miaka miwili baadaye, na daftari litamjulisha mwenye duka ni mkono wa nani uliochonga kinu hicho.

Kuhusu pa kuuzia, rafu moja Kimali haitoshi. Kuna sherehe za Bulabo pale Bujora kila Juni, ambako vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma na watu hujaa. Kuna viwanja vya Nyakabindi mjini Bariadi, vilivyowahi kubeba Nane Nane ya kitaifa mwaka 2018. Na mkoa huu umeshathibitisha kwamba vijana wanaweza kuanza na kitu kidogo: Maswa walianza na chaki, Meatu na maziwa. Leseni hutoka halmashauri, namba ya mlipakodi TRA, na ushauri wa vifungashio unaweza kuombwa SIDO, shirika la viwanda vidogo.

Kwa mnunuzi wa ng'ambo kuna posta, ambako kifurushi kidogo cha kawaida hakizidi kilo 2. Pamba ni godoro zuri la kufungia, nasi tunayo. Iwe iliyochambuliwa tu: punje moja ya mbegu ikionekana, wakaguzi wa mimea wa nchi nyingine wanaweza kuuzuia mzigo mzima.

Wiki ijayo: kuezeka msonge wa sentimita 33 kwa katani, na namna ya kuufunga ili uvuke bahari paa lake likiwa zima.