Swala katika safari ya basi hadi Choma

Sifa zote njema ni za Allah. Familia za visiwani zinazokwenda kuwatembelea jamaa Choma, wilayani Igunga, Tabora, hutuuliza: tutaswali vipi njiani? Wazee wetu waliiendea Tabora kutoka Bagamoyo kwa miguu, miezi kadhaa. Sisi twaenda kwa basi, na swala ndiyo inayopotea.

Kutoka Dar es Salaam kupitia Dodoma na Singida ni zaidi ya kilomita 800. Katika madhehebu ya Shafi, safari ya kilomita 80 na kitu yatosha kukusuru: Adhuhuri, Alasiri na Isha huwa rakaa mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi.

Basi likisimama kwa chakula baada ya Adhuhuri kuingia, teremkeni mziswali Adhuhuri na Alasiri pamoja. Likisimama mapema, nuieni kuichelewesha Adhuhuri kabla wakati wake haujatoka, mziswali zote wakati wa Alasiri. Magharibi na Isha ni vivyo hivyo. Alfajiri haikusanywi na swala yoyote.

Mwambieni dereva mapema. Anayesimama watu wachimbe dawa hashindwi kusimama kwa swala. Akikataa na wakati unatoka, swalini kitini kwa kadiri mnavyoweza, kisha mrudie mkiteremka.

Kibla cha Igunga ni kaskazini, kwa kuelekea mashariki kidogo. Mkinuia kukaa siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, swalini timamu tangu mfikapo.

Wallahu aalam.