Ini Linaposhindwa Kazi (Sehemu ya Tatu): Je, Manjano Hupanda Kichwani?

Sehemu iliyopita tulimwacha mgonjwa wa sirosisi akiwa na maji tumboni na macho ya manjano. Leo tunafika kwenye hali inayowatisha ndugu zaidi ya hizo mbili: mgonjwa anasinzia mchana na kukesha usiku, anaropoka, anamwita mwanawe kwa jina la marehemu. Wengi wanaomuuguza husema manjano yamepanda kichwani, wakakaa kusubiri macho yatakate. Kusubiri huko kunaua watu.

Manjano hutokana na bilirubini. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huvunjwa, hasa kwenye bandama, na mabaki yake hugeuka kuwa bilirubini. Mwanzoni haiyeyuki majini, hivyo husafiri katika damu ikiwa imeshikana na protini ya albumini. Ikifika kwenye ini huungwa na asidi itokanayo na sukari, ikapata kuyeyuka na kutoka pamoja na nyongo. Ini likichoka, au njia ya nyongo ikiziba, bilirubini hurudi kwenye damu na kuonekana machoni.

Kwa mtoto mchanga bilirubini ni sumu ya ubongo kweli kweli. Ini lake halijakomaa, na ile ambayo haijaungwa ikizidi uwezo wa albumini hupenya mpaka kwenye sehemu za ndani za ubongo zinazoongoza mwendo na usikivu. Mtoto aweza kupona akabaki kiziwi, au viungo visimtii maisha yake yote. Kwa hiyo mtoto aliyepata manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au mwenye manjano anayelegea na kukataa ziwa, asianikwe juani nyumbani. Apelekwe hospitali, akawekwe chini ya taa ya buluu.

Kwa mtu mzima mambo ni mengine. Ukimwona mgonjwa ambaye njia yake ya nyongo imezibwa na jiwe, utamkuta wa manjano mpaka viganjani, anajikuna usiku kucha, lakini anakusimulia habari za shamba lake bila kukosea. Kitanda cha pili yupo mwenye sirosisi, macho yake yamebadilika kidogo tu, naye hajui yuko wapi. Kama bilirubini ndiyo ingekuwa mvurugaji mkuu, wa kwanza ndiye angepotewa na akili.

Mshitakiwa mkuu ni amonia. Vijidudu vya utumbo huitengeneza wanapovunja protini, na ini lenye afya huigeuza kuwa urea itoke kwa mkojo. Mwaka 1893, huko St Petersburg, Ivan Pavlov na wenzake walieleza habari za mbwa ambao damu yao ya utumbo ilielekezwa mwilini bila kupitia kwenye ini. Walipokula nyama waliyumba, wakapoteza uwezo wa kuona, wengine wakazimia. Ndivyo inavyomtokea mgonjwa wetu. Amonia inafika kwenye ubongo, seli zinazohudumia neva zinaigeuza kuwa glutamini, na seli hizo zinavuta maji na kuvimba.

Bilirubini basi ina nafasi gani? Ni shahidi, na shahidi wa kuaminika. Katika kipimo cha Child-Pugh, kinachokadiria ukali wa sirosisi, bilirubini ni moja ya mambo matano yanayopewa alama, pamoja na albumini, kuganda kwa damu, maji ya tumboni na hali ya akili yenyewe. Ikipanda huku akili ikivurugika, ini limebakiwa na uwezo mdogo sana. Watafiti bado wanachunguza kama katika ugonjwa mkali nayo huidhuru ngome inayoukinga ubongo. Lakini matibabu ya leo hayaingoji bilirubini ishuke: mgonjwa aweza kurudiwa na fahamu kwa siku chache macho yakiwa bado ya manjano.

Dalili ya mapema huonekana mikononi. Mwambie anyooshe mikono na kukunja viganja kwa nyuma, kama trafiki anayesimamisha gari. Viganja vikidondoka na kuinuka, vikadondoka tena, usingoje kesho. Mwandiko nao huharibika. Sahihi yake ya jana na ya leo hazitafanana.

Kisha tafuta kilichochochea. Mara nyingi ni kufunga choo, kutapika damu au kupata choo cheusi, maambukizi kwenye maji ya tumbo, kuharisha, au vidonge vya usingizi alivyopewa ili atulie. Vidonge hivyo ni hatari kubwa kwake. Laktulosi, dawa tamu ya maji, hupunguza amonia utumboni. Inayotosha ni ile inayompa choo laini mara 2 au 3 kwa siku. Wala msimnyime maharage, maziwa na dagaa kwa hofu ya amonia: misuli nayo husaidia kuiondoa, na mwenye njaa huipoteza misuli hiyo.

Ndugu unayemuuguza, siku maneno yake yakianza kupishana, mfikishe hospitali siku hiyohiyo, umwambie daktari dawa zote alizokunywa, za mitishamba zikiwemo, na mara ya mwisho alipopata choo.