Homa ya Papasi

Papasi ni jamaa ya kupe, ila hana gamba gumu mgongoni wala hagandi mwilini siku nyingi kama kupe wa ng'ombe. Mchana hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, humnyonya damu mtu aliyelala, na kwa kawaida haipiti saa moja amekwisha kurudi mafichoni. Aliyeumwa huenda asihisi kitu. Papasi huweza kukaa miaka bila kula, hivyo hata nyumba iliyohamwa si salama.

Akiuma huambukiza bakteria aitwaye Borrelia duttonii. Jina hilo linamkumbuka Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyefariki Kasongo, Kongo, mwaka 1905, akiuchunguza ugonjwa huo. Mwaka huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, alionyesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto bakteria kupitia mayai. Papasi mwenyewe hatembei mbali. Binadamu ndiye humsafirisha, ndani ya mikeka na mizigo. Ndiyo maana vibanda vya kulala wasafiri kwenye njia za misafara vilijaa papasi.

Wiki moja hivi baada ya kuumwa, homa hupanda ghafla, pamoja na maumivu ya kichwa na viungo. Baada ya siku chache hushuka, mgonjwa akadhani amepona, kisha hurudi. Sababu ni kwamba bakteria hubadilisha ganda lao la nje, na kinga iliyokwisha kuwazoea hushindwa kuwatambua. Mja mzito huumia zaidi: mimba huweza kutoka, au mtoto akazaliwa na maambukizi na kufa. Dodoma, ugonjwa huu umewasumbua akina mama na watoto kwa miaka mingi.

Wengi hudhani ni malaria, lakini dawa za malaria haziutibu. Damu ikichukuliwa homa ikiwa juu, hadubini huonyesha vijidudu vyembamba vilivyojisokota kati ya chembe nyekundu. Penisilini au tetrasaiklini huwaua, ingawa tetrasaiklini hawapewi waja wazito. Saa za mwanzo za tiba mgonjwa huangaliwa kwa karibu, kwani bakteria wanapokufa kwa wingi homa huweza kupanda sana.

Kinga kubwa ni nyumba yenyewe: kuziba nyufa, kusakafia kwa saruji, kupulizia dawa ya wadudu, na kulala kitandani, mbali na ukuta, chandarua kikiwa kimechomekwa chini ya godoro.