Bata Mzinga, Uturuki na Bodaboda ya Bwera

Wanafunzi wetu wa Kasese na Bwera huuliza kwa kicheko: mbona Kiswahili kimejaa majina ya ajabu? Bata mzinga si bata, na huo mzinga umetoka wapi? Nyuma ya kicheko hicho kuna dhana ya kusikitisha, kwamba Kiingereza ni lugha yenye mpango ilhali Kiswahili ni lugha ya kuokoteza. Hebu tuichunguze.

Kwa Kiingereza ndege huyo huitwa "turkey", yaani Uturuki, ingawa asili yake ni Marekani. Jina hilo Waingereza walilitumia pia kwa kanga, ndege wetu wa Afrika, kwa kuwa aliwafikia kupitia biashara ya nchi za Waturuki. Katika karne ya 16 ndege wa Marekani alipofika Ulaya, wawili hao walichanganywa, na mwishowe jina likabaki kwa mgeni. Waturuki nao humwita "hindi", wakimhusisha na India! Tena, kiboko wa mfereji wa Kazinga ni "hippopotamus", kutokana na Kigiriki, maana yake farasi wa mtoni. Nani amewahi kumpanda?

Kiswahili kinapoazima hakiokotezi ovyo. "Mudguard" ilipokuwa madigadi, wasemaji walisikia kiambishi cha wingi ma-, wakapata umoja: digadi. "Keep left" ikawa kiplefti, wingi viplefti, sawasawa na kitabu na vitabu. Hiyo ni sarufi inayofanya kazi.

Chukueni pia bodaboda. Neno hili limetokana na "border", yaani mpaka, nalo lilianza kwa waendesha baiskeli waliovusha abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia. Leo pikipiki inayokupeleka kutoka Bwera hadi Mpondwe, mpakani mwa Kongo, bado inastahili jina lake. Ile inayozunguka Kasese mjini haifiki mpaka wowote, lakini nayo ni bodaboda. Jina limehama na matumizi, kama lilivyohama kutoka kwa kanga.

Basi mwalimu, mwanafunzi akicheka, usimkemee. Mtume sokoni akusanye maneno matano ya kuazima, aonyeshe ngeli ya kila moja. Atarudi akiheshimu lugha zote mbili.