Moto wa Kano na Vitabu vya Soyayya

Mwaka 2007, katika shule ya wasichana jimboni Kano, kaskazini mwa Nigeria, gavana Ibrahim Shekarau aliongoza hafla ya kuchoma vitabu hadharani. Vilivyotiwa moto vilikuwa hadithi za mapenzi: vijitabu vyembamba vya Kihausa, vyenye majalada ya rangi kali na sura za mabinti waliojitanda mitandio, vinavyouzwa sokoni kwa bei ambayo hata mwanafunzi huimudu. Wahausa huviita littattafan soyayya, yaani vitabu vya mapenzi. Waliovichoma walisema vinapotosha watoto wa kike. Inafaa kujiuliza kijitabu cha aina hiyo kina nini hata kimtoe gavana ofisini na kiberiti mkononi. Jibu ninalolitetea hapa ni kwamba kilichotisha kuliko mapenzi yenyewe ni usomaji: msichana ameketi peke yake na kitabu alichokichagua mwenyewe, bila baba, mwalimu wala shehe kumchagulia. Tena yeyote anayetaka kujua vitabu hivi vinafanya nini hana budi kuanzia kwa huyo msichana, kwa sababu yeye ndiye anayevijua kuliko wote wanaomsemea.

Riwaya ya Kihausa kwa herufi za Kilatini ilizaliwa chini ya usimamizi. Mwaka 1933 ofisi ya wakoloni Waingereza iliyoongozwa na Rupert East iliandaa shindano la uandishi, na humo vikatoka vitabu vya kwanza, kikiwamo Shaihu Umar cha Abubakar Tafawa Balewa, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Nigeria. Waandishi walikuwa wanaume, wasomaji wakawa wanafunzi, na mchapishaji akawa serikali. Hali hiyo ilivunjwa na mambo mawili ambayo hakuna aliyeyapanga kwa ajili ya mapenzi. Mwaka 1976 Nigeria ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, na baada ya miaka kumi kukawa na kizazi kipya cha vijana wanaosoma Kihausa, wasichana wakiwamo. Kisha, mwaka 1986, mageuzi ya uchumi yaliiangusha thamani ya naira, karatasi zikapanda bei, na wachapishaji wakubwa wakakosa nguvu. Wasomaji walikuwapo, vitabu havikuwapo. Vijana wa Kano wakachangishana fedha, wakaunda vyama vya waandishi, wakapeleka miswada kwa wapiga chapa wa mitaani na kuuza wenyewe. Hafsat Abdulwaheed alikwisha kufungua njia mwaka 1980 kwa So Aljannar Duniya, riwaya fupi ambayo jina lake lina maana kwamba mapenzi ni pepo ya duniani. Baada yake wanawake wakaja kwa wingi ambao fasihi ya Kihausa haikuwahi kuuona.

Aliyesikika sana kati yao ni Balaraba Ramat Yakubu, ndugu wa Jenerali Murtala Mohammed aliyekuwa mkuu wa nchi. Jina la ukoo halikumkinga: aliozwa akiwa bado mtoto, ndoa ikavunjika, akajipatia elimu kwenye madarasa ya watu wazima. Riwaya yake Alhaki Kuykuyo Ne ya mwaka 1990 imebeba methali ya Kihausa isemayo kwamba dhambi ni kijibwa, humfuata mwenyewe. Inamhusu mfanyabiashara anayemwingiza nyumbani mke mpya, kisha anamfukuza mkewe pamoja na watoto. Mama huyo anawalea kwa kuuza vyakula. Riwaya nyingine, Wa Zai Auri Jahila?, inamfuata binti wa kijijini anayekataliwa na mpenzi wake kwa kuwa hakusoma, anaozwa kwa nguvu kwa mzee, anatoroka kwenda mjini, anasoma na kuwa muuguzi. Hayo ndiyo mapenzi yanayosimuliwa humo: uke wenza, talaka, mahari, fedha za matumizi, na nani ana sauti juu ya mwili wa binti wa miaka kumi na mitatu.

Wanaovisoma ni wanafunzi wa kike, na pia wake waliotawishwa, ambao hawaendi sokoni wenyewe. Mtoto hutumwa kununua, kitabu kikisomwa na mmoja humfikia jirani, kisha shoga wa jirani, mpaka jalada likatike. Asiyejua kusoma hakuachwa nje, maana vituo vya redio vya kaskazini viliwaweka watangazaji wavisome hewani sura kwa sura. Ukizingatia mzunguko huo utaona kwamba msomaji hapokei hadithi na kunyamaza. Anaijadili na wenzake, anamlaumu mke mwenza wa kwenye kitabu akimfikiria wa kwake, anapima kama mume aliyesimuliwa anaweza kupatikana duniani. Mambo ambayo heshima ya nyumbani hairuhusu yasemwe kwa jina la mtu husemwa kwa jina la mhusika.

Lawama ya kwanza ni ya maadili, na haifai kupuuzwa. Mzazi anayehofia binti yake asije akafuata mfano wa kitabu ana haki ya hofu hiyo, na ni kweli kwamba wako waandishi waliovuka mpaka kwa makusudi ili wauze. Baada ya Kano kuanza kutumia sheria za Kiislamu mwaka 2000, serikali iliunda bodi ya udhibiti mwaka 2001, na filamu na vitabu vikalazimika kupita mikononi mwake. Lakini sehemu kubwa ya vitabu vya soyayya ni vya heshima kuliko filamu zinazoonyeshwa mchana kweupe, na waandishi wake wengi ni Waislamu wanaoamini kwamba wanafundisha. Dhalimu huadhibiwa na mvumilivu hulipwa. Kinachowakera wakosoaji ni nani anayewekwa mahali pa dhalimu: mara nyingi ni baba anayelazimisha ndoa, au mume anayetumia dini kama fimbo na kusahau wajibu ambao dini hiyohiyo imemtwika. Msichana akisoma kwamba ridhaa yake ni sharti la ndoa, hajafundishwa ukafiri. Ameambiwa jambo ambalo sheria yenyewe ya Kiislamu inalizingatia, ila kwa bahati mbaya limetoka kwa mtu ambaye hakutarajiwa kulisema.

Lawama ya pili ni ya wasomi. Katika miaka ya 1990 Ibrahim Malumfashi aliyaita maandishi haya Adabin Kasuwar Kano, fasihi ya soko la Kano, na magazeti yakajaa mabishano kati ya wenye mawazo kama yake na watetezi kama Abdalla Uba Adamu. Ilisemwa kwamba lugha ni chafu, tahajia ovyo, visa vimenyakuliwa kutoka filamu za Kihindi, na mwisho unajulikana toka ukurasa wa kwanza. Mengi ya hayo ni kweli. Hata hivyo Abubakar Imam, anayeheshimiwa kama baba wa nathari ya Kihausa, alipoandika Magana Jari Ce katika miaka ya 1930 alipewa vitabu vya Kiarabu na vya Kizungu achote humo, akachota, na leo kazi yake ni hazina ya taifa. Kuazima kumekuwa kosa pale tu aliyeazima alipokuwa mwanamke wa sokoni. Na huo mwisho unaojulikana haumdanganyi yeyote, kwani hata anayekwenda kwenye taarabu anaujua wimbo kabla haujaimbwa. Sisi wa Kiswahili tumepita humohumo tulipotenga fasihi dhati na fasihi pendwa, kana kwamba kupendwa ni kasoro. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuondolewa shuleni kwa kusema wazi kinachowapata wasichana waliobanwa kupita kiasi. Baadaye ikafundishwa humohumo shuleni.

Lawama ya tatu ndiyo nzito, na hutoka kwa watu wanaowatakia mema wanawake. Wanasema hadithi hizi ni dawa ya kutuliza maumivu: mke anasoma, analia, anafarijika, halafu anarudi jikoni na hakuna kilichobadilika. Mwisho wa furaha ni ndoa nyingine, safari hii na mume mwema mwenye gari. Hoja hii ilichunguzwa kwa makini huko Marekani. Mwaka 1984 Janice Radway alichapisha Reading the Romance, baada ya kuzungumza na wanawake wa mji mmoja wa katikati ya nchi waliokuwa wateja wa muuza vitabu mmoja. Alichoambiwa hakikuwa alichokitarajia. Wanawake hao walisema thamani ya kwanza ya kitabu ni tendo la kukishika: mtu akisoma, mume na watoto hujua kwamba kwa saa hiyo mama hapatikani. Halafu walikuwa wachambuzi wakali. Walichukia hadithi za ubakaji, ingawa wachapishaji wa miaka ya 1970 walikuwa wameuza kwa mamilioni riwaya ambamo shujaa humbaka binti kwanza na kumpenda baadaye. Radway hakuficha upande wa pili: faraja hiyo inaweza kweli kuipunguza makali hasira ambayo ingeleta mabadiliko. Nakubaliana naye kwamba mambo hayo mawili hukaa pamoja. Ninachokataa ni hatua ambayo wengine huichukua kutoka hapo, ya kumnyang'anya mtu faraja yake kwa matumaini kwamba akibaki na maumivu matupu ataamka. Wake wa Kano walikuwa na maumivu hayo kwa vizazi vingi kabla ya kijitabu cha kwanza kupigwa chapa, wala hakuna aliyekuwa amewauliza habari zake.

Moto wa mwaka 2007 haukuvimaliza vitabu. Waandishi walipunguza ukali, wengine wakahamia kwenye filamu, na simu za mkononi zilipoenea hadithi zikaanza kutumwa kwa vipande, moja kwa moja kwa msomaji, mahali ambapo kiberiti hakifiki. Mwaka 2012 Alhaki Kuykuyo Ne ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa mjini Chennai, India, katika nchi ileile ambayo filamu zake zilidaiwa kuwa chanzo cha uharibifu wote. Na Wa Zai Auri Jahila? ingali na jina ambalo msomaji wa Kiswahili analielewa nusu bila mkalimani, kwa kuwa jahili ni neno letu pia: nani atamwoa mwanamke asiyesoma? Ndani ya riwaya swali hilo ni la mwanamume mwenye dharau. Sokoni Kano lilikuwa limeandikwa kwenye jalada kwa herufi kubwa, na msichana aliyetoa naira zake alikuwa ameshalisoma.