Kipaza Sauti, Spika na Monita

Neno kipaza sauti limebebeshwa vyombo viwili vyenye kazi zilizo kinyume. Baadhi ya watumiaji hulitumia kwa chombo kipokeacho sauti ya msemaji na kuigeuza kuwa umeme. Wengine kwa kile kigeuzacho umeme kuwa sauti. Katika mkutano wa hadhara hakuna apotezwaye na jambo hilo. Katika hati ya ununuzi hali ni nyingine. Mwalimu mmoja wa muziki aliagizia chuo chake “vipaza sauti viwili vya studio, vilivyotumika”, akaletewa maikrofoni mbili. Fedha ilikuwa imekwisha kulipwa.

Wauzaji wa vyombo vya mtumba huko Mwenge, Dar es Salaam, hawana shida hiyo. Kwao chombo cha kutolea sauti ni spika, na ile ya studio ni monita. Spika tulikubali: halichanganyiki na Spika wa Bunge, kwani ngeli huwatenganisha, Spika amesimama, spika imeungua. Monita ndilo lenye utata. Shuleni ni kiongozi wa darasa, ofisini ni kioo cha kompyuta, wala halidokezi kazi ya chombo chenyewe. Spika ya nyumbani hutakiwa kupendeza. Ya studio hutakiwa kufichua. Yamaha NS-10 iliingia sokoni mwaka 1978 kwa matumizi ya nyumbani, ikaishia katika studio nyingi za dunia kwa kuwa haikusitiri kasoro za muziki uliorekodiwa. Kwa sababu hiyo twapendekeza spika ya ukaguzi. Mkaguzi wa hesabu naye hatakiwi kupendeza.

Neno litakalo uangalifu zaidi ni kali. Muuzaji asemapo “spika hii ni kali”, aisifu. Fundi wa studio asemapo “ni kali juu”, alalamikia sauti nyembamba zinazochoma sikio. Mfasiri asiyejua nani anasema atageuza lawama kuwa sifa. Tena, zilinganishwapo spika mbili, ile iliyofunguliwa sauti zaidi kidogo huelekea kusikika kuwa bora, hata tofauti ikiwa desibeli moja tu. Basi anayeandika maelekezo ya kulinganisha ataje kwanza kusawazisha ukubwa wa sauti, ndipo aulize ubora wake.

Limebaki neno jozi, ambalo wengi huliandika wakimaanisha mbili tu. LS3/5A, iliyobuniwa na BBC katika miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, ilikuwa na ukinzani wa omu 15; toleo la mwaka 1987 lina omu 11. Moja ya toleo la kwanza na moja ya toleo la pili ni spika mbili, si jozi. Mwalimu wetu, basi, angaliandika hivi: “Jozi moja ya spika za ukaguzi zilizokwisha kutumika, za toleo moja, zenye ukinzani sawa, na ambazo mzingo wa sponji haujamomonyoka.”