Nani Amepasha Kitanda Hiki Joto?

Saa moja na nusu jioni, wageni wakiwa mezani wanasubiri supu, ndipo kazi inapopamba moto ghorofani. Katika hoteli moja ya Nyeri ambayo wenyewe wameniomba nisiitaje, mama mmoja wa makamo hupita mlango kwa mlango na kitoroli chake kilichojaa mifuko ya mpira yenye maji moto. Anafunua blanketi upande wa miguuni, anaingiza mfuko, anafunika, anasawazisha shuka kwa kiganja, anatoka. Mgeni akirudi amejikunyata kwa baridi atakuta joto limemtangulia kitandani.

Nilikwenda kuandika habari za bei za vyumba msimu wa Julai, wakati wa gathano, majira ya baridi, ukungu unapoushukia mji na jua likakaa siku kadhaa bila kuonekana. Nikiwa mapokezi nikafungua kitabu cha wageni. Watu wameandika mengi: mlima uliojitokeza alfajiri, ndovu, samaki wa mtoni, chai. Na karibu kila ukurasa kuna mtu aliyesifu joto la kitanda. Wanalisifu kana kwamba kitanda kilijipasha chenyewe. Hakuna aliyeandika kwamba kuna mtu aliyepanda ngazi. Jambo hilo lilinikaa rohoni, habari ya bei nikaiacha.

“Watu hudhani ni kumimina maji tu,” mama huyo aliniambia tulipokaa katika chumba cha kupigia pasi. “Maji yanayotokota hayaingii kwenye mfuko. Yanaua mpira. Nayaacha kwenye birika yatulie. Kisha najaza theluthi mbili, sizidishi. Naulaza mfuko mezani, naukamua polepole hadi nione maji yamefika shingoni, ndipo nafunga kizibo. Hewa ikibaki ndani, mfuko unavimba kama chura, na mgeni akiukanyaga unamponyoka.”

Akauchukua mmoja kunionyesha. Baada ya kufunga huugeuza kichwa chini juu ya taulo kavu, akausubiri huku akiutayarisha mwingine. Tone moja likionekana, mfuko huo haupandi ghorofani. Karibu na shingo, kwenye mpira wenyewe, kuna alama ya ua. Katikati ya ua ni mwaka mfuko ulipotengenezwa, na petali zake kumi na mbili ni miezi. Nimelala na mifuko hii mara nyingi na sikuwahi kuliona ua hilo. Yeye huliangalia kila anapotoa mfuko stoo, kwa sababu mpira uliozeeka hupasuka bila kubisha hodi, na maji ya moto kwenye mguu wa mgeni aliyesinzia si jambo la kuombea radhi kwa kikombe cha chai. Miaka miwili ikifika, anautupa, hata kama unaonekana mzima. “Hapo ndipo tunapogombana na watu wa stoo,” alisema. Mwishoni huuvika mfuko koti lake la sufi, lililofumwa kwa mkono, na kuukagua mshono.

Nimelala katika hoteli za nje kiasi cha kutosha kusema ninachokiona. London nilipewa chumba chembamba hata sanduku likabidi lifunguliwe juu ya kitanda, na kipasha joto kilikuwa kikiwashwa na kuzimwa kutoka kwingine, si na mimi. Dubai nilitetemeka usiku kucha kwa baridi ya mashine huku nje watu wakitoka jasho. Vyumba vilikuwa safi, huduma zilikwenda kwa saa, na sina la kulalamikia katika bili. Ila hakuna mahali nilipohisi kwamba mtu fulani alifikiri kuhusu miguu yangu kabla sijafika. Nyeri nimelihisi hilo, hata katika hoteli za bei ya chini.

Na mji huu umekuwa ukilaza wageni kwa muda mrefu. Eric Sherbrooke Walker alifungua Outspan mwaka 1928, na 1932 akajenga Treetops juu ya mti wa mugumo kule Aberdare. Mwaka 1938 Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, alihamia katika nyumba ndogo ya Paxtu kwenye uwanja wa Outspan, akaishi hapo mpaka alipofariki Januari 1941. Kaburi lake liko papa hapa mjini. Kisa cha Binti Mfalme Elizabeth kila mtu anakijua: usiku wa Februari 5 kuamkia 6, 1952, alikuwa Treetops baba yake alipofariki Uingereza, ingawa habari yenyewe ilimfikia baadaye akiwa Sagana Lodge. Jim Corbett, mwindaji aliyekuwa pamoja naye, aliandika katika kitabu cha wageni maneno ambayo yamenukuliwa mpaka leo, ya binti aliyepanda mti akiwa binti wa mfalme akashuka akiwa malkia. Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops. Ikajengwa upya 1957.

Nimeyasoma maneno ya Corbett mara nyingi, kila mara nikijiuliza nani alitandika usiku ule. Walikuwepo wapishi, wabeba mizigo, watu wa kuchota maji, wengi wao wenyeji wa vijiji vya karibu ambao wasingeruhusiwa kulala hapo kama wageni hata kama wangekuwa na pesa. Hakuna aliyewapa kalamu.

Mama huyu hasomi kitabu cha wageni. Anasoma vitanda. Asubuhi anapofunua blanketi, huangalia mfuko umeishia wapi. “Ukiukuta miguuni, huyo alilala vizuri. Ukiukuta tumboni, kuna maumivu, basi naacha wa pili bila kuulizwa. Ukiukuta juu, karibu na mto, umekumbatiwa, huyo alilala na mawazo yake. Wanaoshuka mlimani kutoka Point Lenana huuweka mgongoni. Na ukiukuta sakafuni, ameogopa.”

Kuogopa kupo. Mgeni mmoja kutoka Mombasa alitia miguu kitandani gizani, akagusa kitu cha moto chenye manyoya, akatoka mbio mpaka kwenye ngazi akipiga kelele kwamba kuna mnyama. Tangu siku hiyo mama anataka watu wa mapokezi wawaambie wageni mapema. Mapokezi wanasema utamu wa jambo ni kushtukizwa. Mimi niko upande wake, lakini mjadala haujaisha.

Nilimuuliza kama amewahi kulala hapa kama mgeni. Hajawahi. Mshahara hakuutaja, nami sikumsukuma, ingawa swali la ni siku ngapi za kazi yake zinalingana na usiku mmoja katika chumba kinachotazama mlima lingestahili jibu. Mfuko wa namna hii aliununua katika duka la dawa, akampelekea mama yake kijijini. Mwanzo mzee aliukataa, akasema ni kitu cha mgonjwa. “Sasa mjukuu akiuchukua, anamfukuza nyumba nzima.”

Hoteli inafikiria kununua mablanketi ya umeme. Meneja aliniambia hawajaamua. Anapiga hesabu ya bili, ya maji, ya saa za wafanyakazi. Kuhusu wafanyakazi watatu wa zamu ya jioni, hakuwa na jibu. Nilipompelekea mama habari hiyo, alikuwa tayari anaijua.

“Wanunue,” alisema. “Lakini mvua ikikata umeme saa nane usiku, na hapa unakatika, huyo mgeni atampigia nani simu?”